Uchachu wa Aina Mbili

Maandishi ninayotaka kuyahakiki leo ni mafupi kuliko shairi. Yanasema: gramu 18 za kahawa iliyosagwa, gramu 36 za kinywaji, sekunde 25 hadi 30. Ukiingia katika ulimwengu wa watu wanaotengeneza espreso nyumbani utayakuta kila mahali: vitabuni, kwenye video, nyuma ya pakiti, mdomoni mwa kijana anayekuuzia mashine. Wengine huongeza kwamba maji yawe na joto la nyuzi 93 na yasukumwe kwa presha ya baa 9. Hiyo ndiyo kanuni yote. Nimeisoma karibu kila asubuhi kwa miaka mitatu, na nadhani sasa nina haki ya kusema inafanya nini vizuri na inanyamazia nini.

Nilizaliwa kwenye kahawa. Kihamba chetu kiko Kibosho, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na kama vihamba vingi vya huko kilikuwa na migomba juu, mibuni chini yake, magimbi na majani ya ng'ombe pembeni. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mibuni hiyo. Lakini kahawa yetu hatukuinywa. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa. Mgeni wa heshima alikorogewa kahawa ya kopo. Ya shambani tuliichuma, tukaimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukaivundika kwenye ndoo, tukaiosha, tukaianika kwenye kichanja, kisha ikaondoka ndani ya gunia na hatukuiona tena. Nilikuwa na miaka 31, nikiishi Dar es Salaam, nilipoonja kwa mara ya kwanza kahawa iliyoandikwa jina la mlima wetu. Wiki iliyofuata nilinunua mashine kuukuu ya espreso, ile ya kushusha mpini kwa mkono, pamoja na kisagio kidogo cha mkono na mizani kama ya sonara. Mke wangu alisema nimepata ugonjwa wa watu wa mjini. Hakukosea sana.

Nianze na sifa za kanuni, maana ni sifa za kweli. Kabla yake, kahawa mbaya kwangu ilikuwa bahati mbaya. Kanuni ilinifundisha kuuliza kwa nini. Maji ya moto yanapopita kwenye kahawa huanza kutoa vitu vyenye uchachu, halafu utamu, na mwishoni uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Kikombe kikijaa ndani ya sekunde 15, maji yamepita mbio, na utaonja uchachu mtupu kama umelamba ndimu. Basi saga laini zaidi, maji yapate kizuizi. Kikichukua sekunde 45 na kikawa kichungu, saga kwa chenga zaidi. Badili kitu kimoja tu kwa wakati, onja, andika. Hakuna siri ya fundi hapo, hakuna mkono wa heri. Mtu yeyote mwenye mizani na uvumilivu anaweza kufika. Sijawahi kusoma maelekezo ya jikoni yaliyonipa heshima kiasi hicho.

Tatizo la kwanza ni kwamba kanuni huzungumza kama sheria ya maumbile, wakati ni makubaliano ya watu. Espreso tunayoijua, nzito na yenye povu la rangi ya asali, ilitokana na mashine za mpini alizozileta Achille Gaggia mjini Milano baada ya Vita Kuu ya Pili. Wanywaji wa mwanzo walilitilia shaka lile povu, na Gaggia akaligeuza kuwa sifa: akaiita kahawa ya krema. Mwaka 1961 mashine ya Faema E61 ikaleta pampu, na presha ya baa 9 ikawa mazoea. Taasisi ya Italia inayolinda espreso ya jadi inataka gramu 7 za unga, mililita 25 za kinywaji, sekunde 25. Hesabu ya gramu 18 kwa 36 ni ya watu wa baadaye, wenye kahawa iliyokaangwa kidogo na ndimi zinazopenda matunda. Hata ushauri wa "saga laini zaidi" una mpaka. Mwaka 2020 kundi la watafiti, Christopher Hendon miongoni mwao, lilichapisha katika jarida la Matter kwamba unga ukizidi ulaini maji hupita upande mmoja na kuacha mwingine, kiasi kwamba mara nyingi ni afadhali unga mchache na wa chenga zaidi. Kanuni nzuri kwa hiyo si moja. Hilo halinisumbui, muziki nao una mizani nyingi.

Linalonisumbua ni tatizo la pili, nalo ni kubwa. Kanuni huanza pale mkasi unapokata pakiti. Mambo yote inayokuruhusu kubadili, yaani uzito, ulaini, muda na joto, yako mikononi mwa anayekunywa. Kikombe kikiwa kizuri, sifa ni zake. Kikiwa kibaya, kosa ni lake, na dawa iko kwenye kisagio. Punje zenyewe ni kama mvua: zimeshuka tu.

Niliamini hivyo mpaka mwaka juzi. Nilikuwa nimenunua pakiti iliyoandikwa Kilimanjaro, na kila kikombe kilikuwa kichachu. Nikafuata kanuni: nikasaga laini. Kichachu. Laini zaidi, mpaka mpini ukagoma kushuka. Kichachu, na sasa kina ukakasi juu yake. Nikapandisha joto, nikaongeza gramu, nikapunguza gramu. Daftari langu la wiki ile linasomeka kama kesi ambayo mshitakiwa amekwisha kukiri kosa lisilo lake.

Mama alikuwa amekuja mjini kwa kliniki ya macho. Asubuhi moja alinikuta nimeinamia mizani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unapima dawa?"

Nikamweleza, kisha nikamtengenezea kikombe. Hakuwa mnywaji wa kahawa. Alinusa kwanza, kwa muda mrefu, kama anavyonusa maziwa. Akanywa tone, akakirudisha kikombe mezani.

"Hii ililala kwenye ndoo."

Nikamwambia hapana, Mama, ni uchachu, sijaikamua vya kutosha, nitasaga tena.

"Mwanangu, uchachu wa ndimu naujua. Huu ni wa mbege iliyopitiliza. Usage mpaka iwe vumbi, hautatoka."

Alikuwa amesema jambo ambalo miaka mitatu ya kanuni haikuniambia: uchachu uko wa aina mbili. Mmoja unatoka kwa anayepika, na kisagio kinauponya. Mwingine uliingia kwenye punje siku ile baada ya kumenywa, wakati ute unaoifunika ulipoachwa uchachuke kupita kiasi. Kule kwetu, kwa baridi ya mlimani, kahawa huvundikwa siku moja hadi mbili hivi, mpaka ukiisugua kiganjani isikie kama changarawe badala ya kuteleza. Ikizidi hapo, inaharibika, na hakuna moto wala maji ya baadaye yatakayoirudisha. Waonjaji wa kulipwa wanalijua kosa hili na wana jina lake. Kanuni ya nyumbani hailitaji.

Nikamuuliza alijuaje. Hapo ndipo ilipotoka habari ambayo nilidhani ninaijua.

Nilipokuwa darasa la sita, karani mmoja aliyepokea kahawa kijijini alichovya mkono kwenye gunia letu, akanusa, akaandika daraja la chini. Nilikuwa nimelishika gunia kwa upande mmoja. Fedha ya msimu ule haikufika hata nusu ya tuliyoitarajia, na Januari dada yangu hakurudi shule. Kwa miaka zaidi ya 20 nilibeba hasira ya yule karani. Nilikwisha kuisimulia hadithi yake mara nyingi, na kila mara alizidi kuwa mwizi.

"Alinusa vizuri yule," Mama akasema.

Mwaka ule mvua ilituwahi, akaeleza. Baba alikuwa amelazwa, yeye akishinda hospitali. Ndoo ilikuwa moja. Kahawa ya juzi ilikuwa haijatolewa, ya leo ikaletwa, ikamwagwa humo humo. Ililala siku nne. Alipoiosha alijua kuna kitu, pua ilimwambia. Hakujua kama ni kosa kubwa au dogo, kwa sababu hakuwa amewahi kuonja kahawa yake ikiwa nzuri, wala ikiwa mbaya.

"Kwa hiyo hakutuonea?"

"Alituonea. Aliandika akaondoka. Angesema ni ndoo, ningeazima ndoo."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote cha kahawa nilichosoma, na ndilo lililonipa kipimo cha uhakiki huu. Uzuri wa kanuni ya espreso ni kwamba haikuambii tu kahawa yako ni mbovu. Inakuambia kwa nini, na ufanye nini kesho. Ni heshima hiyo hiyo ambayo Mama aliikosa kwenye mizani ya kijijini. Lakini heshima hiyo kanuni inampa mtu mmoja tu, aliye upande wa kikombe. Imejenga lugha nzima ya ladha, yenye maneno ya ua la mkahawa, sukari guru na zabibu, na lugha hiyo huteremka kutoka mlimani pamoja na gunia bila kupanda tena. Siku moja nilihesabu punje za gramu 18. Zilikuwa 141. Tunda moja kwa kawaida lina punje mbili, kwa hiyo ni matunda kama 70, kila moja limechumwa na vidole vya mtu, na vidole hivyo havijui kikombe kilikuwaje.

Rafiki yangu wa Tanga huniambia najitesa. Njoo barazani, husema: kahawa ya dele, imechemka na tangawizi, kikombe kidogo, kashata, stori za mpira. Naenda, na naipenda. Lakini sikubali kwamba ndiyo jibu la swali langu. Kahawa ile hukaangwa ikawa nyeusi na kuchemshwa sana; ndoo ya Mama ingejificha ndani yake bila mtu kuistukia, na hakuna ambaye angelalamika, kwa sababu barazani kinachoonjwa zaidi ni mazungumzo. Ni uzuri wa aina nyingine. Haumwambii mkulima chochote, ingawa walau haujifanyi kwamba unamwambia.

Nisingependa kanuni itupwe. Ningependa irefushwe nyuma. Kabla ya gramu 18 iwepo mistari michache: imechumwa mbivu au mchanganyiko? Ilivundikwa usiku mangapi? Iliainikwa siku ngapi, na mvua ilinyesha? Nimeanza kuwauliza wauzaji maswali hayo. Wengi hunitazama kama ninavyotazamwa nikiomba risiti ya mchicha. Wachache wameanza kuandika majibu kwenye pakiti, na tofauti utaiona kwenye daftari: kahawa inayojulikana ilikotoka hunipotezea vikombe viwili kabla haijakaa sawa, siyo pakiti nzima.

Msimu uliopita Mama aliniletea kahawa yake. Mibuni iliyobaki ni michache. Mingi iling'olewa kupisha nyanya na migomba. Aliimenya mwenyewe, akaivundika katika ndoo mbili, ya juzi mbali na ya leo, akaikausha, akaitwanga kwenye kinu kuondoa maganda, na kuituma kwa basi ndani ya mfuko wa sukari. Niliikaanga kwenye sufuria nikikoroga mfululizo, nikaiacha ipumzike siku nane. Gramu 18. Mpini ukashuka kwa wepesi nisioutaka, na gramu 36 zikawa zimejaa katika sekunde 19.

Nikampigia kabla sijamaliza kikombe.

"Ikoje?"

"Nzuri, Mama. Ila ina uchachu."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Wa ndimu au wa ndoo?"

Nikaonja tena, polepole, kwa sababu safari hii jibu lilikuwa na mtu wa kulipokea.

"Wa ndimu."

"Basi kosa ni lako," akasema. "Saga laini."