Mpanga Karata wa Shituru

Mtoto wa dada yangu ana meza ya mbao iliyopasuka katikati, na juu yake huzitandaza karata zake mafungu matano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu, kijani. Karata halisi anazo chache. Zilikuja mkononi mwa jamaa waliotoka Brussels kusalimia nyumbani, nyingi zimeandikwa Kifaransa na pembe zimelika. Zilizobaki amezitengeneza mwenyewe. Hukata boksi la biskuti kwa wembe na rula, huandika jina na gharama kwa kalamu ya wino, kisha hupaka ukingo rangi ili jicho litambue mara moja karata ni ya upande gani. Duka la kuziuza hapa Shituru, mjini Likasi nchini Kongo, hakuna, na silitamani, maana lingekuwapo nisingeona ninachokiona jioni: kijana anatoa karata moja, anaiangalia, anairudisha, anatoa nyingine, saa inapita na fungu halijaongezeka wala kupungua. Nikimuuliza kama amemaliza ananijibu bila kuinua kichwa: "Mujomba, ngoja kwanza. Hii moja iko na kazi, lakini kazi yake sijaiona."

Mchezo wenyewe ni Magic, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Sheria zake ni nyingi na sina haja ya kuzimwaga hapa. Inatosha kujua kwamba fungu la kawaida la kuchezea halipungui karata 60, kwamba karata moja hairuhusiwi kurudiwa zaidi ya mara nne isipokuwa ardhi za kawaida, na kwamba karata nyingi hudai angalau sehemu ya malipo katika nguvu ya rangi yake, nguvu inayotoka kwenye hizo ardhi. Kisiwa hutoa buluu, msitu hutoa kijani, kinamasi hutoa nyeusi, na kadhalika.

Anayecheza rangi moja hulala usingizi. Anayetaka tatu ameyataka mwenyewe. Karata nzuri za rangi tatu zikikusanyika mkononi huku mezani ziko ardhi za rangi moja tu, umekaa na utajiri usioweza kuutumia hata chembe. Na hesabu haina huruma: ukiweka karata nne za aina moja katika 60, uwezekano wa kuikuta hata moja kati ya zile saba za kuanzia ni takriban asilimia 40. Yaani umejaza mpaka kikomo cha sheria, na bado mara nyingi zaidi utaanza bila hiyo karata. Sasa fikiria mtego unaohitaji karata nne tofauti zikutane, kila moja na rangi zake. Hapo ndipo fundi anapojitenga na mchezaji.

Fungu ambalo kijana wangu analiheshimu kuliko yote ni la zamani, la kabla hajaujua mchezo. Wachezaji waliliita ProsBloom, na Aprili 1997 mjini Paris, Mmarekani Mike Long alitwaa nalo mashindano ya Pro Tour. Rangi zake ni nyeusi, kijani na buluu. Halikutegemea mnyama wala shujaa wa kupigana. Lilitegemea karata ambazo ukizitazama moja moja utadhani zimetungwa na mtu anayekutakia mabaya. Squandered Resources inakuruhusu kuteketeza ardhi zako mwenyewe ili upate nguvu zaidi. Nani mwenye akili timamu achome shamba lake? Lakini shamba likishateketea, Natural Balance inakuruhusu kutafuta ardhi nyingine ndani ya fungu, hadi tano, nazo unazichoma vilevile. Kwa moto huo unaitoa Cadaverous Bloom, ambayo humeza karata yoyote iliyo mkononi mwako na kukulipa nguvu mbili, nyeusi au kijani. Kisha inafuata Prosperity: kila mchezaji anavuta karata kwa kadiri ya nguvu ulizoiwekea. Kila karata uliyovuta ni nguvu mbili, nguvu hizo zinalipia Prosperity kubwa zaidi, na mzunguko unajilisha wenyewe. Mpinzani naye anavuta, sheria inasema hivyo. Mkono wake unajaa neema tupu, ila zamu yake haifiki.

Kuna jambo moja dogo humo ambalo kijana wangu alinionyesha kwa kidole, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria. Bloom inatoa nyeusi au kijani, basi. Prosperity inadai buluu, tone moja tu, lakini bila tone hilo haichezeki. Kwa hiyo katikati ya moto wote, nguvu zikimwagika kwa makumi, mchezaji anapaswa kukumbuka kuweka akiba ya kisiwa kimoja. Mwenye pupa huteketeza visiwa vyake mapema kwa sababu vinawaka kama ardhi nyingine yoyote, kisha anajikuta na rundo la nguvu nyeusi na kijani, Prosperity mkononi, na hana cha kuilipia. Anakufa tajiri. Mpangaji wa fungu huliona jambo hilo wiki kadhaa kabla ya mchezo, pale anapoamua visiwa viwe vingapi. Nimeliona daftari la kijana. Ukurasa mmoja umeandikwa: "visiwa 4, nimekwama," umekatwa mstari, chini yake, "visiwa 7, kijani haikuja," umekatwa tena, halafu hesabu nyingine, na nyingine. Pembeni ya kila mstari ipo sababu. Hilo ndilo daftari ninalolisifu.

Jambo la pili ni Drain Life, karata ya mwisho, ile inayomnyonya adui uhai kulingana na nguvu nyeusi uliyoilipia. Long aliweka moja tu. Sheria ilimruhusu nne, yeye akaweka moja, kwa hoja kwamba mzunguko ukishaanza karibu fungu zima litapita mkononi mwake na hiyo moja itaonekana tu. Wachezaji wanapenda kusimulia kilichotokea katika fainali dhidi ya Mark Justice: Long alipungukiwa nguvu, akalazimika kuitupia Bloom hiyo Drain Life yake ya pekee, kisha akaendelea kuvuta karata kwa macho makavu kana kwamba silaha bado anayo, mpaka mwenzake akakubali kushindwa. Watu hucheka wakifika hapo. Mimi ujanja ule haunisisimui sana, hata mwizi wa sokoni anao. Ninachokivulia kofia ni zile nafasi tatu zilizoachwa. Fundi wa kawaida angejaza nne kwa woga. Kuacha kunataka moyo kuliko kujaza, na aliyeacha amejua sawasawa kile alichokiacha.

Niongeze hili kwa kupita tu: karata kuu za fungu hilo zilitoka katika matoleo ya Mirage na Visions, ya mwaka 1996 na 1997, yaliyochorwa katika Afrika ya kubuni. Humo wamo kina Zuberi na Shauku, na baadhi ya wapiganaji wanaitwa askari. Majina yetu yalisafiri mbali, yakauzwa ndani ya pakiti ng'ambo, na yaliyofika Shituru yamefika ndani ya mifuko ya wageni.

Lakini akili yenyewe haikuwa ngeni hapa. Wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha shaba walikuwa na dama. Ubao ni kipande cha triplai kilichochorwa miraba, kete ni vifuniko vya chupa za bia za Simba na Tembo, upande mmoja umelaza vifuniko vyake na mwingine umevigeuza. Ukipita jioni unasikia vifuniko vikigonga ubao na watu wakipiga kelele. Aliyekuwa akiogopwa hakuwa yule anayekula kete nyingi. Alikuwa yule anayekupa. Anakupa moja, sheria inakulazimisha uile. Anakupa ya pili, unakula huku moyo umeanza kudunda. Ya tatu unakula umeshaelewa kuwa umekwisha, kisha kifuniko chake kimoja kinaruka na kukusanya zako zote hadi mwisho wa ubao. Watazamaji walitaka aeleze, na yeye alieleza. Alizirudisha kete nyuma, moja baada ya nyingine, akaonyesha pale mtego ulipoanzia, hatua ambayo hakuna aliyeiangalia. Kueleza huko kulikuwa sehemu ya mchezo. Mshindi aliyekataa kurudisha kete nyuma alionekana mchoyo.

Siku hizi hakuna anayerudisha kete nyuma. Wapo vijana wengine mjini, huko Kikula na katikati ya Likasi, wanaoucheza mchezo huu wa karata kwenye simu, na kila mmoja ana fungu lisilo na kasoro. Nimewauliza. Wamelinakili. Orodha ya bingwa wa juzi imewekwa mtandaoni, karata 60 hadi ya mwisho, unabonyeza na fungu lote ni lako kwa dakika moja. Simu inachanganya, simu inahesabu nguvu, simu inakutolea mwanga penye karata unayoweza kuicheza. Nilimuuliza mmoja kwa nini karata fulani ameiweka mbili badala ya tatu. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini mvua inanyesha chini. "Ndivyo ilivyo kwenye orodha," akasema. Na anashinda! Anamshinda mtoto wa dada yangu mara nyingi kuliko anavyoshindwa. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu anayesifu ufundi kwa kudai kwamba fundi hushinda daima anadanganya.

Ila orodha hiyo ina uhai mfupi. Karata moja mpya ikitoka, wapinzani wakibadilika, yule wa simu hana la kufanya ila kusubiri orodha nyingine. Hajui ni jiwe gani linaloshikilia ukuta na lipi limewekwa kujaza nafasi. Ana jibu la mtu mwingine kwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa. Mwenye daftari, siku hiyo, anafungua ukurasa wa visiwa na kuanza upya kuanzia pale alipokatia mstari.

Watu wa Shituru tunalijua jambo hili kuliko tunavyopenda kukiri. Shaba imesafishwa hapa kwa umeme tangu 1929, na kwa miaka mingi mji uliitwa Jadotville. Kampuni zilibadilika, jina la mji likabadilika, mitambo ikaendelea. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa jumla ya viwanda vyake. Baada ya hapo ikaporomoka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Michoro ya mitambo ilibaki kabatini. Vitabu vya maelekezo vilibaki. Wale waliojua kwa nini valvu fulani hufunguliwa nusu tu wakati kitabu kinasema ifunguliwe yote, walikwenda mashambani kulima mahindi, na wengi wao tumeshawazika. Hakuna aliyewaambia warudishe kete nyuma kabla ya kutoka getini.

Labda ndiyo maana siwezi kukaa mbele ya ile meza iliyopasuka nikaona mchezo wa watoto. Kijana ana kanuni moja aliyojiwekea. Kadibodi haina bei, angeweza kujiandikia karata yoyote iliyowahi kuchapishwa duniani, hata zile zinazouzwa bei ya gari. Haandiki mpaka aweze kunieleza karata hiyo itamfaa wakati gani, na itachukua nafasi ya ipi. Mara nyingi anaanza kueleza, anafika katikati, ananyamaza, anairudisha kadibodi tupu ndani ya boksi. Nyeupe na nyekundu ameziacha kabisa katika fungu lake la sasa, ingawa katika nyekundu zimo karata anazozipenda tangu siku ya kwanza. Nilimwona akiziondoa moja moja, na ya mwisho aliishika muda mrefu.

Wewe kijana mwenye orodha kwenye simu, sikuombi uache kushinda. Nakuomba uifute orodha hiyo kwa mwezi mmoja tu, uchukue karata ulizonazo, uchague moja unayoipenda hata kama wote wanaicheka, na uijengee nyumba yake. Andika sababu ya kila uliyoiweka, na zaidi ya hapo, sababu ya kila uliyoiacha. Nanyi wazee mliobaki, mnaokaa nje jioni: vijana wakija kuuliza, iwe ni dama au ni mambo ya kiwandani, msiwajibu kwamba wakati wenu umepita. Rudisheni kete nyuma, muwaonyeshe.