Saa Nne na Robo, Mishipi Ikafupishwa

Mliokuwa ukutani mwa bwawa Jumamosi ile mliona wenyewe. Saa nne na robo, ukungu ukiwa umeshaondoka kwenye chai na jua limevuka miti ya Mau, nahodha aliivuta mishipi yote miwili, akafungua chubwi, akatupa vijiko vyepesi vya chambo mita kumi na tano tu nyuma ya mashua, kisha akawaambia vijana wa makasia waongeze nguvu. Mashua ikaacha mkondo wa zamani wa mto, ikageukia katikati ya bwawa kulikokuwa na viduara juu ya maji. Tangu hapo hadi walipotoka hawakupata trauti wa kupeleka nyumbani. Uamuzi ule ulikuwa mbaya dakika ile ile ulipofanywa, na asingoje mtu kapu tupu ndipo auone ubaya wake.

Yaliyofanywa vizuri hayana haja ya maneno mengi. Waliingia majini kungali giza, walitumia makasia badala ya injini, mafundo yalishika, na walitoka kabla mvua haijawakuta. Trauti wanne walipatikana asubuhi, kwa mwendo wa polepole, kando ya mkondo wa zamani.

Sasa turudi kwenye saa nne na robo.

Bwawa la mlimani lina tabia mbili katika siku moja. Usiku, hewa ya Kericho kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 huyapoza maji ya juu. Yakipoa huwa mazito, hushuka, na ya chini hupanda, hata kufikia alfajiri bwawa limechanganyika. Ndiyo maana alfajiri trauti hupatikana karibu popote, na hata asiyejua anachokifanya huonekana fundi. Jua likipanda mambo hugeuka. Maji ya juu hupata joto, huwa mepesi, hukaa juu ya yale baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Vitabu vya uvuvi tunavyorithishana vimeandikwa katika nchi za baridi, na wanaovisoma hudhani tofauti ya nyuzi mbili tatu si kitu. Kwetu ni kitu kikubwa. Kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo uzito wake unavyobadilika upesi zaidi: tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 20 na ya 21 ni karibu mara tatu ya ile iliyopo kati ya nyuzi 8 na 9. Nyuzi mbili kwenye bwawa la Kericho zinatosha kuweka sakafu ambayo upepo mdogo wa asubuhi hauwezi kuivunja.

Trauti anaijua sakafu hiyo. Wetu wa upinde wa mvua hustarehe maji yakiwa kati ya nyuzi 12 na 16 hivi. Yakipita 20 hamu ya kula hupungua, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Juu ya hayo kuna suala la pumzi. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Huku juu, hewa ikiwa nyepesi, maji ya joto hilo hilo hubeba kama 7. Nako chini kabisa, kwenye tope, majani yanayooza yanaila oksijeni mchana na usiku. Basi jua likishapanda samaki amebanwa kwenye ukanda wa katikati, juu yake joto, chini yake pumzi fupi.

Kinachoniuma ni kwamba bwawa lile linamwonyesha mvuvi mahali pa kwenda. Kijito kinachoingia kutoka msituni ni baridi kuliko bwawa lenyewe. Maji yake hayasambai juu. Yakifika penye matete huzama na kufuata bonde la zamani la mto, lile lililokuwepo kabla ukuta haujajengwa, yakibeba ubaridi na oksijeni kwa pamoja. Mchana trauti hukaa humo. Nahodha alikuwa juu ya bonde hilo tangu alfajiri, na samaki wote wanne walitoka humo. Saa ambayo bonde lilianza kuwa mahali pekee penye samaki ndiyo saa aliyoliacha.

Kisa ni vile viduara. Mimi nilikuwa na darubini, na wengi wenu mlikuwa karibu kuliko mimi. Vilikuwa viduara vidogo, vya samaki wanaodona uso wa maji bila kuonyesha mwili. Trauti mkubwa anayekula juu huonyesha pua, halafu pezi la mgongoni, halafu ncha ya mkia, na maji huviringika taratibu nyuma yake. Hatukuona mgongo hata mmoja. Viduara vilivyoonekana pale vilikuwa vya vidagaa, na kuvifuata kwa vijiko vya trauti ni kupoteza asubuhi.

Tena angalieni namna alivyofanya. Mshipi unaokokotwa hupanda kadiri mashua inavyoongeza kasi. Hilo mtoto wa ziwani analijua kabla hajajua kuhesabu. Kufungua chubwi kunapandisha chambo. Kufupisha mshipi kunapandisha chambo. Kuongeza mwendo kunapandisha chambo. Alifanya yote matatu kwa mpigo. Vijiko vikawa vinakwenda kina cha mkono mmoja, kwenye maji ya joto kuliko yote bwawani, jua likielekea utosini, mita kumi na tano tu kutoka kwenye makasia yanayopiga maji kwa nguvu. Kama kungekuwa na trauti mmoja mwenye ukaidi wa kubaki juu, kelele ile ingemfukuza.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Kaa kwenye bonde. Toa mshipi hadi mita arobaini au zaidi, ongeza chubwi, punguza makasia mpaka yule anayeshika fito ahisi kijiko kikiyumba polepole, kisha mashua ikate mistari ya nyoka juu ya mkondo, kutoka ukingo huu wa bonde hadi ule. Mashua ikipinda, mshipi wa upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama. Wa nje huharakisha na kupanda. Kila pindo linakupa vina viwili bila kugusa chochote. Fito la ndani likigongwa, samaki wako chini au wanataka upole, na unaongeza chubwi upande wa pili pia. La nje likigongwa, unapandisha. Ukienda moja kwa moja, kama walivyokwenda baada ya saa nne na robo, bwawa halikwambii neno.

Wavuvi wa kokanee huko British Columbia na Idaho wameifikisha kanuni hii mbali sana. Kokanee ni salmoni mwekundu anayeishi maisha yake yote ziwani bila kwenda baharini, ndugu wa karibu wa trauti wetu wa upinde wa mvua. Wanasayansi wanawaweka katika jenasi moja, Oncorhynchus. Kiangazi, maziwa yao yakipata joto, kokanee hushuka, na wavuvi humfuata kwa tufe zito lililofungwa kwenye waya, wakijua kina hadi mita. Mwendo wao hauzidi kilomita mbili au tatu kwa saa. Midomo ya kokanee ni laini, huchanika ukivuta kwa pupa, kwa hiyo kila kitu hufanywa taratibu. Sisemi tununue mitambo yao. Nasema wamekubali jambo ambalo nahodha wetu alilikataa, kwamba kina hutafutwa kabla ya chambo.

Wala hatuhitaji mitambo. Mzee wa Kipsigis aliyenifundisha mimi, ambaye ujanani aliwapigia makasia wazungu wa mashamba ya chai, alikuwa na chupa tupu, kizibo, jiwe na kamba mbili. Chupa iliyozibwa huteremshwa kwa kamba yenye mafundo, ikifika kina unachotaka unang'oa kizibo kwa kamba ya pili, inajaa, unaipandisha upesi na kutumbukiza kipimajoto. Fundo kwa fundo, ndani ya robo saa, anajua ubaridi unaanzia wapi. Alikuwa akiniambia, "Kijana, usiulize samaki wanataka nini. Uliza wako wapi." Sikuwahi kumwona akifupisha mshipi jua likipanda. Alikuwa akiurefusha, kila saa kidogo, kama mtu anayefuata kivuli cha mti. Baadhi ya manahodha wa leo wana skrini ya kuonyesha samaki na hawana kipimajoto, na nimeshaliandika hili hapa, nitaliandika tena.

Tukitaka kujua ubaridi ni nini kwa trauti, tukumbuke alivyofika nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa katika mto Gura, upande wa Nyandarua. Grogan simpi heshima. Miaka miwili baadaye aliwachapa Waafrika viboko hadharani Nairobi. Heshima yangu nawapa wapagazi waliobeba mayai yale hadi mlimani. Yai la trauti likipata joto limekufa, na kazi yote ya safari ile ilikuwa kulinda baridi hatua kwa hatua, katika nchi ya jua la ikweta. Majina yao hayakuandikwa. Trauti wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910, kutoka Afrika Kusini, na hatimaye mito yetu ya Kiptiget na Itare ikapata wake. Watu waliobeba mayai kichwani walielewa jambo ambalo mwenye fito la kisasa alilisahau asubuhi moja tu yenye jua.

Ubaridi huo hauji wenyewe. Kijito kinachozama bwawani ni baridi kwa sababu kimetembea chini ya miti. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau, na wanaovua wanajua maana yake kuliko wanaosoma ramani: kijito kilichokosa kivuli hufika bwawani kina joto, hakizami, na bonde la zamani linabaki jina tu. Ukanda wa chai ya Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 kukinga msitu umesaidia mahali fulani. Lakini mahali mikaratusi imepandwa hadi mdomoni mwa kijito siwezi kunyamaza, na sitanyamaza. Sehemu ambayo bado ina maji baridi ndiyo ya kuvuliwa kwa akili, na Jumamosi tuliipa kisogo.

Wapo waliosema saa za mchana ni saa za kufa, kwamba baada ya saa nne ni afadhali kula na kusubiri jioni. Jioni gani, Kericho? Upepo wa ziwa Victoria hupanda kutoka magharibi, hukutana na upepo wa mashariki juu ya Mau, na alasiri mawingu yanasimama. Sehemu chache duniani hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kama hizi zetu. Mwaka 1982 mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha ushahidi kwamba hata takataka za majani ya chai kutoka mashamba yetu zina uwezo mkubwa wa kuanzisha barafu katika mawingu. Saa nane mashua inapaswa kuwa nchi kavu, na walitii hilo. Maana yake ni kwamba kati ya saa nne na saa nane ipo karibu nusu ya siku ya mvuvi, na hiyo nusu ndiyo iliyotumika kuburuta vijiko kwenye maji ya uvuguvugu.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia pale ukutani, na aliyeisema namheshimu: kwamba baada ya kugeuka walipata mmoja, akarudishwa majini kwa kuwa alikuwa mdogo, kwa hiyo vijiko vya juu vilifanya kazi. Huyo mmoja alishikwa saa tano kasorobo, na alishikwa wakati mashua ikirudi kukata bonde ili kuelekea kivulini. Nahodha alikuwa amesimamisha makasia ili anywe chai. Mshipi ulilegea, kijiko kikazama, na ndipo samaki alipokigonga. Kisha vijana walipoanza tena kuvuta makasia, hakuna aliyeuliza kwa nini samaki alikuja kijiko kilipozama. Na kumrudisha kwenye maji yale ya juu, baada ya kupigana naye muda mrefu, hakukuwa kumwokoa. Trauti aliyechoka hurudishwa chini, kwenye baridi, kwa kushikwa mkiani mpaka mashavu yafungike na kufunguka sawasawa, ama avuliwe upesi kwa mshipi mzito zaidi. Nahodha huyo huyo anaingia tena majini mwisho wa mwezi, bwawa lile lile. Chubwi zake ninazo mimi, alizisahau ukutani. Nitampelekea pamoja na chupa.