Stara ya Nani? Kisima, Kamera na Ukatili wa Kingono katika Bandit Queen na Khamosh Pani

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna ukatili wa kingono dhidi ya wanawake unavyosawiriwa katika filamu mbili za Asia Kusini: Bandit Queen (1994) ya Shekhar Kapur na Khamosh Pani (2003) ya Sabiha Sumar. Kwa kuongozwa na mtazamo wa kifeministi, na kwa kutumia dhana ya Kiswahili ya stara kama nyenzo ya uhakiki, makala inadai kwamba swali la msingi si iwapo ukatili umeonyeshwa au umefichwa, bali ni nani aliye na mamlaka ya kuuonyesha au kuuficha.

1. Utangulizi

Filamu za Kihindi si ngeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Zimetazamwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa, na baadhi ya tuni zake zimeingia katika taarab. Pamoja na nyimbo, hadhira ya pwani ilipokea pia namna filamu hizo zinavyouzungumzia mwili wa mwanamke. Katika mazungumzo ya wahusika, mwanamke aliyebakwa husemwa kuwa ameporwa izzat, yaani heshima. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ugeni wowote, kwa kuwa naye anazo kauli za kuvunjiwa heshima na kunajisiwa. Kauli za aina hii, katika lugha zote mbili, hulielekeza jicho kwenye kile kinachodhaniwa kuwa kimempotea mwanamke na ukoo wake, na kuliondoa kwa aliyetenda.

Nchini India, kauli hizo zilianza kuhojiwa hadharani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliwaachia huru askari polisi wawili walioshtakiwa kuhusiana na kubakwa kwa msichana wa jamii ya Waadivasi katika kituo cha polisi mwaka 1972. Barua ya wazi ya wahadhiri wanne wa sheria (1979) na maandamano ya wanawake yaliyofuata yalichangia mabadiliko ya sheria ya mwaka 1983. Katika wimbi hilo ilitoka Insaf Ka Tarazu (1980) ya B. R. Chopra. Bharti anashindwa mahakamani, mbakaji wake anambaka pia mdogo wake, na hatimaye Bharti anamuua kwa bastola. Filamu inaishutumu mahakama, lakini kamera yake inakaa juu ya miili ya wanawake hao kwa namna inayoifaidi hadhira. Gopalan (1997), katika uchambuzi wake wa filamu za wanawake walipizao kisasi, ameonyesha jinsi onyesho la ubakaji na kisasi yanavyofungamana. Mwanamke hupewa ruhusa ya kutumia silaha baada tu ya mwili wake kuharibiwa mbele ya watazamaji.

Bandit Queen na Khamosh Pani zinajaribu, kila moja kwa njia yake, kuukwepa mtego huo. Zote mbili zinaweka kisima katikati ya simulizi, na ulinganisho wa visima hivyo viwili ndio msingi wa makala hii.

2. Kisima cha Behmai

Filamu ya Kapur inatokana na kitabu cha Mala Sen (1991) kuhusu Phoolan Devi, mwanamke wa jamii ya Wamallah, watu wa mitoni ambao kazi yao ya jadi ni uvuvi na uendeshaji wa mashua. Aliolewa akiwa mtoto, akaja kuongoza kundi la majambazi, na akajisalimisha kwa serikali mwaka 1983. Kitovu cha filamu ni kijiji cha Behmai, anakoshikiliwa na wanaume wa tabaka la Mathakur. Ubakaji wa kundi unawakilishwa kwa mlango unaofunguka na kufungika, mwanaume mmoja baada ya mwingine. Kisha Phoolan anavuliwa nguo na kulazimishwa kwenda kuchota maji kisimani mbele ya kijiji kizima.

Onyesho hili lina utetezi wenye uzito. Mulvey (1975) alidai kwamba filamu za Hollywood zilimjenga mwanamke kama kitu cha kutazamwa kwa raha na jicho la kiume. Penye kisima cha Behmai raha hiyo haipo. Kamera imesimama mbali, wanakijiji wamenyamaza, na mtazamaji analazimika kuona kwamba ubakaji huu ni adhabu ya kitabaka, inayotolewa hadharani ili mwanamke wa tabaka la chini ajue mipaka yake. Mahakama ya Juu ya India, ilipoiruhusu filamu hiyo mwaka 1996, ilikubali hoja ya namna hii: kwamba lengo la onyesho ni kuamsha huruma kwa mtendewa na chuki kwa watenda.

Hata hivyo, utetezi huu unamhusu mtazamaji peke yake. Phoolan Devi alikuwa hai filamu ilipotoka, na alikwenda mahakamani kuipinga. Roy (1994) alihoji haki ya mwongozaji kuigiza ubakaji wa mwanamke aliye hai bila ridhaa yake. Jambo linalopaswa kumgusa mwanaisimu ni kwamba Phoolan mwenyewe, alipozungumzia yaliyomfika Behmai, alitumia tafsida: alisema kwa neno la mzaha, kwamba watu wale walimfanyia mzaha mwingi. Tafsida hiyo haikuwa upungufu wa ushahidi. Ilikuwa stara aliyojichagulia, na filamu iliivua. Wanakijiji wa Behmai walimtazama bila idhini yake, na hadhira ya filamu inamtazama katika hali hiyohiyo.

Aidha, ubakaji unapofanywa kiini cha maisha yake yote, mengine yanafifia. Mgogoro wa ardhi kati yake na binamu yake, ambao ulichangia sana kumwingiza katika uasi, unapoteza uzito. Anayebaki kwenye skrini ni mwanamke aliyeumbwa na wabakaji wake, ilhali Phoolan wa historia alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1996, miaka mitano kabla ya kuuawa.

3. Kisima cha Charkhi

Jina Khamosh Pani lina maana ya maji yaliyo kimya. Mhusika mkuu, Ayesha, ni mjane anayeishi Charkhi katika Punjab ya Pakistan mwaka 1979, wakati wa utawala wa Jenerali Zia-ul-Haq. Anawafundisha wasichana Kurani na kumlea mwanawe Saleem. Haendi kisimani, maji huletewa na wengine. Sababu inafichuka polepole. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, Ayesha alikuwa msichana wa Kisingasinga aliyeitwa Veero. Wanaume wa jamii yake waliwataka wanawake wajitose kisimani kabla hawajashikwa na maadui. Yeye alikimbia, akakamatwa na kubakwa, kisha akaolewa na mmoja wa wanaume wa upande ule.

Historia ya visima hivyo si ya kubuni. Butalia (1998) amehifadhi masimulizi ya Thoha Khalsa, ambako inasimuliwa kwamba wanawake wapatao 90 walijitosa kisimani. Anaonyesha pia kwamba jamii iliwakumbuka waliokufa kama mashujaa, huku walionusurika wakikosa nafasi katika kumbukumbu hiyo.

Sumar hakai juu ya ubakaji. Anatupa vipande vifupi vya kumbukumbu: ukingo wa kisima, wanawake waliopangwa, msichana anayekimbia. Msomaji anaweza kupinga kwamba ufichaji huu ni wa kutunza izzat ileile. Pingamizi hilo lingesimama kama filamu isingeushtaki ukimya wenyewe. Lakini ndani yake mna stara za aina mbili. Ya kwanza ni ya baba na kaka, inayomfunika mwanamke kwa maji ili ukoo usiaibike. Ya pili ni ya Ayesha, ambaye kwa kunyamaza amejijengea maisha, jina na kazi. Kaka yake anaporejea na mahujaji kutoka India kumtafuta, na Saleem, aliyevutwa na wanaharakati wa kidini, anapomtaka atangaze Uislamu wake hadharani, stara hiyo ya pili inavunjwa na wanaume wa pande zote mbili.

Mwisho wa filamu ni mgumu. Ayesha anajitosa katika kisima alichokikimbia, na itakuwa kosa kukiita kitendo hicho ukombozi. Wala si ushindi wa baba yake. Kinachothibitishwa ni kwamba amri ya 1947 haikuhitaji tena mtu wa kuitamka. Ilitosha milango yote mingine kufungwa. Sumar halifungi simulizi hapo. Miaka mingi baadaye, Zubeida, msichana aliyempenda Saleem, anaendelea kumkumbuka Ayesha.

4. Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba uwazi haumaanishi ukombozi, na ufichaji haumaanishi woga. Bandit Queen ilisema ukweli mzito kuhusu tabaka kwa kumnyang'anya mwanamke stara yake. Khamosh Pani iliitofautisha stara ya mwanamke na stara ya ukoo, na kwa tofauti hiyo ikaweza kuushtaki ukoo.

Kwa wahakiki na wafasiri wa Kiswahili, funzo liko katika uteuzi wa maneno. Izzat inapofasiriwa kuwa heshima bila maelezo, mzigo wa mhusika unahamia katika lugha yetu ukiwa mzima. Kitenzi kubaka, ambacho maana yake ya asili ni kukamata kwa nguvu, kinamtaka mtenda awepo katika sentensi. Mhakiki akieleza kwamba Mathakur walimbaka Phoolan, amewataja waliotenda. Akieleza kwamba Phoolan alipoteza heshima, amewasitiri.