Anayeuliza Wapi Kabla ya Nani

Kati ya Januari na Machi, nyasi na leleshwa za kreta ya Menengai hukauka hadi cheche moja ikatosha. Moto ukishazimwa, watu huanza kutajwa: wachoma makaa, warina asali, wachungaji. Mchunguzi wa moto hawafuati hao kwanza. Kabla ya kuuliza nani, huuliza wapi.

Hulizunguka eneo lililoungua bila kulikanyaga, kisha huingia akifuata alama, kinyume na mwendo wa moto. Moto uliotambaa polepole dhidi ya upepo huila nyasi kwenye shina, upande ulikotokea, na kichwa cha nyasi huangukia huko huko. Jiwe nalo hushuhudia: uso uliokabili moto hubadilika rangi, na nyuma yake hubaki majani machache mazima. Alama moja haimtoshi. Hutafuta nyingi zinazokubaliana, na kila anayoiridhia huichomekea kibendera: chekundu moto ulipokwenda mbele, cha njano ulipopanuka ubavuni, cha buluu uliporudi nyuma.

Kadiri anavyokaribia chanzo, uharibifu hupungua na alama huanza kupingana, kwa kuwa hapo moto ulikuwa mchanga, haujashika njia. Ndipo anapopiga magoti. Huigawa ardhi kwa kamba, hupekua majivu kwa kioo cha kukuzia, na hupitisha sumaku kutafuta vipande vya chuma.

Kuna moto usioacha hata alama hizo. Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikuwa wakichota mafuta yalipolipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Wengine walisema ni sigara, wengine walisema kuna aliyewasha makusudi. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa mitaroni, na unaweza kushika moto hata katika baridi kali kupita yoyote ya Molo. Cheche yoyote katika umati ule ingetosha, na moto wa aina hiyo huteketeza ushahidi wa kilichouwasha.

Kutaja chanzo kwa kubahatisha kuna gharama. Huko Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham aliuawa kisheria kwa sindano ya sumu mwaka 2004, kwa moto wa 1991 uliowaua binti zake watatu. Wataalamu walionyesha kwamba alama zilizodaiwa kuwa za mafuta yaliyomwagwa zingeweza kuachwa na moto wa kawaida wa nyumba. Ndiyo maana ripoti inayosema chanzo hakijabainika, ikiandikwa na mtu aliyepekua kila shubiri ya majivu, naiheshimu kama jibu kamili.