Chomoa Droo Kwanza

Ukikutana na kabati la vyombo la zamani Kitale au Bungoma, usianze na vioo. Chomoa droo, uigeuze juu chini. Uso wa kabati hupigwa msasa na vanishi kila likipata mwenyewe mpya, lakini chini ya droo hakuna anayehangaika napo.

Makabati mengi ya kale yalitoka nyumba za walowezi waliolima Trans Nzoia tangu kabla ya reli kufika Kitale mwaka 1926. Walipoondoka baada ya Uhuru, vitu vizito vilibaki.

Tazama pembe ya droo. Mbao mbili zinapaswa kushikana kwa meno yaliyopishana kama vidole. Meno ya mkono hayalingani: moja nene, jingine jembamba, na kando yake pana mstari mwembamba aliochora fundi kabla ya kushika msumeno. Mstari huo naupenda kuliko nakshi yoyote. Pitisha vidole chini ya ubao: randa ya mkono huacha mawimbi madogo ambayo jicho halioni.

Halafu mti. Mvule uliokomaa ni kahawia ya dhahabu. Elgon teak ni nzito, ina michirizi myeusi kama moshi. Mtarakwa hunukia penseli mpya hata baada ya miaka mingi. Niliwahi kuuziwa kabati Bungoma, nikaapiwa ni mvule. Nyumbani nilikwaruza nyuma ya droo, ikatokea saipresi nyeupe yenye vifundo, iliyopakwa rangi. Iliniuma sana. Siku hizi naomba ruhusa nikwaruze kabla sijatoa hela.

Vishimo vya bungua si kosa, ila unga mpya ukidondoka, mdudu bado yumo.

Uchakavu nao huigizwa. Wa kweli hukaa pale mkono ulipopita tu: chini ya kishikio, na ukingo wa mfereji wa rafu ambamo sahani zilisimamishwa, uliolainika kama sabuni iliyotumika. Kabati lililochakaa kila mahali sawasawa, liache.

Usidharau kabati la chakula la wavu. Wakulima wa Marekani walitoboa milango ya bati ya makabati yao ya chakula kwa mapambo, hewa ipite. Huku tuliweka wavu wa waya, na miguu ikasimama ndani ya mikebe ya maji ili sisimizi wasipande. Ukiikuta alama ya maji miguuni, usimwachie fundi aisugue.