Nondo Wawili wa Mahindi na Mpaka wa Harufu

Mkulima wa Maguu, apandaye mahindi katika ngoro, yaani mashamba ya mashimo ya Umatengo, yampasa kuwajua viwavijeshi wawili wa nasaba moja: mwenyeji wa Afrika, *Spodoptera exempta*, na mgeni wa kutoka Amerika, *Spodoptera frugiperda*, aliyethibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kubainika Tanzania mwaka uliofuata, akaitwa kiwavijeshi vamizi.

Rangi si hoja, kwa kuwa viwavi wa mwenyeji wakisongamana huwa weusi, na wakilelewa mbalimbali huwa kijani au kahawia, hata wana wa mama mmoja wakadhaniwa aila mbili. Alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa mgeni, ambayo vipeperushi huisifu mno, nayo sioni kuwa yatosha, maana ndugu zake wana za kushabihiana nayo. Ithibati bora ni madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia wa mgeni.

Wakishakuwa nondo, mbawa zilizochubuka mtegoni hazisemi kitu. Hapo mtaalamu hulilainisha tumbo kwa potasi ya moto, kisha hutazama kwa hadubini viungo vya uzazi vya dume.

Lakini nondo wenyewe hawana hadubini. Jike hutoa harufu usiku, na ajabu ni kwamba asili ya harufu zote mbili ni moja, asetati ile ile ya kaboni 14. Kinachowafarikisha ni kiambato kidogo cha pili, ambacho kwa mgeni ni asetati ya kaboni 12, na kwa mwenyeji ni nyingine ya kaboni 14 yenye vifungo maradufu viwili. Mtego wa harufu umejengwa juu ya tofauti hiyo, ingawa ule wa mgeni hunasa pia *Mythimna loreyi*, nondo wa jenasi nyingine. Basi hesabu yake isiaminiwe kabla ya kupekuliwa.

Mgeni naye ana koo mbili, wa mahindi na wa mpunga, zisizotofautika kwa umbo. Kwao Amerika, ukoo wa mahindi hujamiiana mapema usiku, wa mpunga baadaye. Barani Afrika ukuta huo umebomoka: aghalabu jeni za mitokondria, zirithiwazo kwa mama, hunena mpunga, ilhali jeni ya Tpi hunena mahindi, na machotara hao hula mahindi. Kwa hiyo jina la mpunga likitokea katika jedwali la maabara, mwenye majaruba ufukweni mwa Ziwa Nyasa asitishike kabla ya mwenye ngoro mlimani.