Barua Isiyo na Habari Mpya

Barua ya posa haipeleki habari. Siku inapofika nyumbani kwa binti, kila mtu anajua imebeba nini. Mama aliambiwa na binti mwenyewe, shangazi alidokezwa na mshenga, na majirani wamekwisha kuiona sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe ikishushwa kwenye bajaji. Kwa sababu hiyo hiyo naiheshimu kazi ya kuiandika kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Mwandishi wa barua ya posa hana jambo jipya la kusema, na bado anatakiwa kwa ukurasa mmoja awafanye wazee wa nyumba nyingine wajione wameheshimiwa kiasi cha kukubali kukaa na kuzungumza.

Mafundi wa kazi hii kwa kawaida hawajiiti waandishi. Ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa msikitini mwenye mwandiko mzuri, au baba mdogo ambaye ukoo humkumbuka kila posa inapoiva. Ninayemfahamu mimi ni mzee wa Magomeni, Dar es Salaam, na yeye haanzi kwa kuandika, anaanza kwa kuuliza. Atakayepokea ni nani? Baba wa binti yu hai? Anaishi na mama mtu? Binti kalelewa na nani? Maswali haya humchosha kijana mwenye haraka, aliyedhani amekuja kuandikiwa maneno matamu. Lakini hapo ndipo penye nusu ya kazi. Kama binti amelelewa na mjomba tangu chekechea hadi chuo, halafu barua ikaelekezwa kwa baba ambaye hajaonekana miaka yote hiyo, wenye nyumba watakuwa wametukanwa kabla ya salamu. Ikielekezwa kwa mjomba peke yake, baba huyo anaweza kuibuka siku ya kufunga ndoa na kudai kwamba yeye ndiye walii. Mzee hujitoa kwenye mtego huo kwa kuandika kwa familia nzima, akiutaja ukoo, kisha mambo ya nani ni nani anamwachia mshenga, ambaye ataona kwa macho yake aliyekaa kwenye kiti kikubwa.

Salamu nayo ina hesabu zake. Nyumba mbili zikitofautiana dini, yeye huchukua salamu ya nyumba inayopokea, maana mgeni ndiye anayebisha hodi. Na haifupishi. Barua za zamani za pwani, zile za hati za Kiarabu, zilikuwa na salamu ndefu kwelikweli: vyeo vya mpokeaji, dua, kuuliza hali, kueleza hali, ndipo ije “ama baada” na jambo lenyewe. Watu wa leo wanaona ule ni upotevu wa wino. Sikubaliani nao, angalau kwa barua hii. Barua ya posa husomwa kwa sauti mbele ya watu, na wakati msomaji anafungua bahasha, kuna mjomba anayetafuta miwani na shangazi anayefukuza watoto mlangoni. Salamu ndefu inawasubiri wote hao. Jambo lenyewe likitajwa, kila sikio limeshatulia.

Kwa kuwa ni ya kusomwa kwa sauti, na atakayeisoma mara nyingi ni kaka wa binti aliyekabidhiwa karatasi dakika hiyo hiyo, mzee huijaribu kwanza kinywani mwake. Anaisoma akiwa amesimama. Sentensi inayomkata pumzi anaikata yeye. Neno ambalo kijana wa kidato cha nne anaweza kujikwaa nalo mbele ya wazee analibadilisha, hata kama ni neno zuri, hata kama kijana aliyemtuma ndiye aliyelipendekeza. Nimemwona akifuta msamiati wa kishairi ambao mimi ningeuacha kwa kujionesha.

Halafu kuna nafsi. Kijana hukaa pembeni akitaka iandikwe kwamba amempenda binti, hawezi kuishi bila yeye. Hayo hayaingii. Barua inasema “sisi” mwanzo hadi mwisho na husainiwa na mzee wa upande wa kiumeni. Kijana anatajwa mara moja kama “kijana wetu,” kwa jina lake kamili, basi. Kwa wanaosikiliza, mapenzi ya wale wawili ni ya wale wawili. Wanachotaka kujua ni kama nyuma ya kijana kuna watu, watu watakaopatikana siku ndoa ikitikisika. Ile “sisi” inajibu swali hilo bila kuulizwa.

Jina la binti nalo lazima litimie. Kuandika “binti yenu” peke yake ni kujitafutia mchezo, kwa sababu wenye nyumba watauliza, huku shangazi wakicheka nyuma ya pazia, “Mabinti hapa ni wengi, mnamtaka yupi?” Mchezo huo ni halali na wakati mwingine hugharimu noti kadhaa.

Ua ndilo linalonichosha. Barua nyingi siku hizi zinasema wametembea wakaona ua zuri katika bustani ya Mzee Fulani, na ua hilo limenakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine mpaka limenyauka. Nimesikia hata barua iliyosomwa na vile vinukta vya kujazia majina vikiwa bado vipo. Mzee hapingi fumbo, ila fumbo lake lazima litoke katika nyumba anayoiandikia. Familia ya wavuvi aliiandikia kuhusu chombo kinachoomba kutia nanga. Familia ya mwanajeshi hakuiandikia fumbo lolote. Alitumia maneno manyoofu, aya fupi, akaomba.

Ila ninachokistahi zaidi ni jinsi anavyogawa kazi kati ya karatasi na mdomo. Karatasi itabaki katika nyumba ile, pengine chini ya nguo sandukuni, na itatolewa siku watu wakigombana. Mdomo wa mshenga unaweza kurudi nyuma, unaweza kucheka, unaweza kusema “hapana, mzee wangu, mimi sikumaanisha hivyo.” Kwa hiyo kazi ya kijana, nyumba anayojenga, gari analotarajia, vyote anapewa mshenga, avitoe akiulizwa tu. Karatasi haitaji kiasi cha fedha iliyowekwa kwenye bahasha ndogo pembeni. Haiweki tarehe ya mwisho ya kujibu. Haiahidi chochote. Inaomba, inashukuru kwa kupokewa, inasema wanasubiri majibu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa kudai fidia mahakamani, kwa hiyo mtu anayechunga ahadi kwenye karatasi hajichoshi bure. Lakini mzee wa Magomeni hazungumzii sheria. Anasema tu kwamba anayeomba hapangi masharti.

Majibu yakirudi, sauti imebadilika kabisa. Sasa anayeandika ni upande wenye binti, na barua yao ndiyo yenye namba: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, pengine fedha ya bibi na ya mjomba. Mkaja na kilemba ni mambo ya kale pwani, hayakuanza jana. Ugumu wa barua hiyo ni kupanga tarakimu bila kuonekana unaandika ankara ya duka. Waandishi dhaifu huorodhesha na kujumlisha chini, na nimeona hata mstari mara mbili chini ya jumla. Mjuzi huanza kwa kumtaja kila anayestahili na sababu ya kustahili kwake, mama kwa tumbo lake, mjomba kwa ulezi wake, na kiasi kikaja nyuma ya mtu. Namba ni zile zile. Wapokeaji hupunguza malalamiko, au angalau hulalamika wakiwa wamekwisha kutoka nje.

Ya kukataa ndiyo huwashinda wengi. Kuna nyumba zinazotoroka kwa kusema binti bado anasoma, na kila mtu anaelewa, hata binti akiwa amehitimu zamani. Mzee, alipoombwa na jirani aliyekuwa na binti kuandika jibu la namna hiyo, hakutumia kisingizio chochote. Aliwashukuru kwa kuiona nyumba ile miongoni mwa nyingi, akaandika kwamba jambo walilolileta halikuafikiwa, akamwombea kijana wao heri. Sababu hakuitaja, kwa kuwa sababu ingejibiwa, na bahasha ya fedha ikarudishwa ikiwa imefungwa vile vile.